Kifuniko cha Tangi la Kobe

Jumapili, mwezi wa pili, 1996. Mvua nzito ilinyesha mpaka saa nne asubuhi, halafu likatoka jua la kuumiza macho. Uwanja wetu hapa Makanyagio ni tope tupu.

Leo wamekuja wale wapenzi wa vigari. Niwaite hivyo, sina jina jingine. Ni wanaume wanne wa hapa mjini ambao zamani walikuwa na vigari vya miaka ya sabini, vile vilivyoachwa na wamisionari na mabwana shamba walipohamishwa. Vyao vimekwisha kufa vyote. Kila Jumapili wanakutana kuvisifia kama watu wanavyosifia marehemu ambaye alipokuwa hai hawakumtembelea. Siwapendi. Kusema haki, hawajanikosea kitu. Ila siwapendi.

Walikuja kwa sababu wamesikia Kobe, ile gari ninayoitengeneza hapa uwanjani, imewaka. Mmoja wao ni mtani wa ukoo wa mke wangu, na mimi ananiita mtani kwa kuwa nimeoa huko. Alileta samaki, migebuka mikavu ya Karema, imefungwa kwenye gazeti, akampa mke wangu mlangoni. "Mpikie huyo fundi wako, mtani. Amekonda kama spoki ya baiskeli."

Wakakaa kwenye benchi. Mmoja akakumbuka kigari chake ambacho gia yake ilichomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Mwingine akasema chake kilikuwa na tundu sakafuni, siku moja wakapita juu ya kuku, na mkewe akamwona kuku yule katikati ya miguu yake, mzima, anashangaa. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi sikucheka. Hakuna aliyekumbuka tulivyokuwa tunavisukuma vigari hivyo kwenye tope la masika, tumevaa nguo za kanisani. Labda mimi ndiye sijui kukumbuka vizuri.

Kobe ilikuwa gari ya baba mkwe wangu. Mgongo umebenuka, injini iko nyuma, buti iko mbele. Haina rejeta, inapozwa na upepo. Tangi la petroli liko mbele, na mdomo wake uko chini ya boneti, pale pale ambapo gari nyingine zinanyweshwa maji. Geji ya mafuta haikuwahi kufanya kazi. Mzee alikuwa na kijiti cha mninga alichokichonga alama. Unakizamisha, unakitoa, unasoma. Mafuta yakifika alama ya pili, unakwenda Kibaoni na kurudi.

Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya mazishi mtani alifanya kazi yake kama desturi inavyotaka. Alivaa kofia ya marehemu, akaingia kwenye Kobe, akapiga honi, akawakaripia wafiwa kwa sauti ya mzee mwenyewe. Watu walicheka huku wanalia. Halafu akaona boneti iko wazi na mdomo uko wazi. Akabeba ndoo ya maji ya kunawia mikono waliotoka makaburini. "Mzee ana kiu, safari yake ndefu!" Akamimina ndoo nzima. Alidhani ni rejeta. Yeyote angedhani.

Jioni, bila kujua habari ya ndoo, nilimchukua mama mkwe kumpeleka kwao Kibaoni. Kobe ikafa kabla hatujafika mbali. Mama alitembea kwenye tope na nguo zake za msiba, mwanawe mkubwa, yaani shemeji yangu, amemshika mkono. Tangu siku ile shemeji hanisalimii mpaka nimwanze mimi.

Kwenye arobaini ukoo ulisema hivi: aliyeiua gari ya mzee hairithi. Mtani hashtakiwi, ndiyo desturi. Basi mkwe akae nayo, akiifufua ni yake. Nikakaa nayo miaka mitatu. Nilitoa kutu ndani ya tangi kwa kokoto na mnyororo wa baiskeli, nikafungua kabureta sijui mara ngapi. Wiki iliyopita ikawaka.

Shemeji akafika saa nane, viatu mkononi.

"Shem, nasikia Kobe inakohoa."

"Haikohoi. Inanguruma."

"Haya. Tutasikia."

Akakaa mwisho wa benchi. Wale wapenzi wa vigari wakamwomba mtani asimulie ile ya ndoo, naye anapenda kuisimulia, au mimi nilidhani anapenda. Akasimama, akaigiza, akamimina ndoo ya hewa.

"Na mimi ningejuaje ni tangi, nyie? Mdomo ulikuwa wazi kabisa!"

Shemeji akainua kichwa. "Wazi? Kabla wewe hujagusa?"

"Naapa, mtani. Hata kifuniko sikukiona. Ningekiona si ningejua ni petroli? Kimeandikwa!"

"Basi nani alipima mafuta siku ile?"

Hakuna aliyejua. Ningeweza kusema mdomo aliuacha wazi marehemu mwenyewe kabla hajaugua, na wangekubali, na Kobe ingebaki kwangu.

Ukweli ni huu. Nilipima mimi, nijue kama mafuta yatamfikisha mama Kibaoni. Nikaitwa kubeba jeneza, nikatia kifuniko kwenye mfuko wa koti, nikaenda. Usiku wa msiba ule nikakikuta mfukoni. Niliyaandika haya kwenye daftari hili hili, kisha nikauchana ukurasa. Kwenye arobaini nilinyamaza. Sijui kunyamaza kule kunaitwaje. Najaribu kuwa mtu wa haki, lakini haki yangu imechelewa miaka mitatu.

"Mimi," nikasema. "Kifuniko nilikuwa nacho mfukoni."

Shemeji hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama yangu alikanyaga tope lile."

"Najua."

"Hujui. Nipe ufunguo."

Nilimtazama mtani nikitegemea atanitania, aivunje hasira ya watu kama anavyofanya siku zote. Hakucheka.

"Nimechekwa harusini, nimechekwa msibani, nimechekwa sokoni," akasema. "Watoto wananiita Bwana Ndoo. Nikasema haya, ni utani, nimeyataka mwenyewe. Kumbe wewe unajua." Akachukua kofia yake. "Leo sikutanii, bwana."

Bwana. Miaka yote hajawahi kuniita hivyo.

Nikatoa ufunguo. Kobe iliwaka stata ya kwanza, na hilo naliandika bila kujisifu, kwa kuwa ni kweli. Shemeji akairudisha nyuma kwa kuikanyagia mafuta mno, injini ikalia, tope likaruka mpaka kwenye kanga za mke wangu zilizoanikwa. Wapenzi wa vigari wakaifuata kwa miguu wakiipungia mikono kama bibi harusi. Hakuna aliyeniaga.

Walipoishia kwenye kona nikakiona kijiti cha mninga kimeegemea ukuta. Shemeji hawezi kujua mafuta bila kijiti kile. Sauti ya Kobe ilikuwa bado karibu, ningepiga mbinja angesimama. Sikupiga. Nimekiweka juu ya kabati. Nitampelekea kesho, au keshokutwa.

Mke wangu alifua kanga upya. Wakati wa kupakua ndipo aliponiuliza, "Samaki ni wa mtani. Unakula au huli?"

Tumekula ugali wa mahindi na ile migebuka ya Karema, ameiunga kwa karanga. Nimekula vipande viwili.