Kobe wa Mwosha Maiti

Amini wa Nyakato hana haraka na dunia. Ukimkuta barazani anapinda bati, nyundo mkononi, macho ameyatupa kule ziwani, unamsalimu, unafika kona ya duka, ndipo unasikia nyuma yako, "Marahaba." Najat, mkewe, husema posa yake ilianza kabla ya Ramadhani ikamalizika baada ya Idi ya pili.

Kwa riziki ni fundi bati: karai, mifereji ya paa, makopo ya kumwagilia bustani. Ila Musoma inamjua kwa kazi nyingine, isiyo na malipo. Ndiye mwosha maiti wa msikiti. Anaanza kuume, anakuja kushoto, maji yanapita mara tatu, na wakati wote haongei neno. Watu wanamheshimu sana, ingawa, tuseme ukweli, wapo wanaopunguza sauti akipita. Anajua, wala hakasiriki.

Labda ndiyo maana alitaka naye awe na kitu cha kuosha kinachopumua. Miaka kumi na mmoja iliyopita, akitoka Butiama kupeleka mifereji, alimwona kobe kando ya barabara, moto wa nyika umempitia, gamba limeungua upande mmoja. Akambeba kwenye karai jipya. Watu wa maliasili walimzungusha miezi minne kabla ya kumpa kibali, na yeye hata hakuona kama amezungushwa. Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi humwosha kobe kwa maji yaliyolala juani. Kobe hunyoosha shingo akafumba macho, Amini naye akafumba yake, na hukaa hivyo wawili hao mpaka chai inapoa. Najat akampa kobe jina: Bi Mkubwa. "Mimi ni mke mdogo hapa," huwaambia majirani. "Mwenye mume yuko kwenye karai."

Jumatano moja, mvua za masika zikiwa zimejaza mitaro, bajaji yenye spika ilipita ikitangaza kwamba kesho yake dawa ya mbu itapulizwa. Maelezo mengine yalifuata, lakini nani asikilize? Amini alikuwa anagonga bati, na wengine walidhani wanajua tayari. Miaka ile ya dawa-ukoko, wapulizaji walikuwa wakiingia ndani na kupuliza kuta, na mwenye nyumba sharti atoe kila kitu nje: vitanda, unga, sufuria, kuku, mtoto mchanga. Mtu akishazoea jambo, kulisikia mara ya pili ni kazi bure.

Basi Alhamisi asubuhi mtaa mzima ukahamia uani. Kabati la Tereza, jirani yao muuza samaki, lililazwa njiani na kioo chake kimeelekea juu, mawingu yakawa yanapita humo taratibu, moja baada ya jingine. Amini aliyatazama mpaka Najat akamgusa bega.

"Baba Hafidha, Bi Mkubwa umemtoa?"

Alimtoa chini ya meza ya kazi, mahali anapolala, akambeba hadi ng'ambo ya njia, kwenye majani marefu ya mtaroni, mbali kabisa na nyumba. Akamzungushia vipande vinne vya bati asizurure. Hapa sumu haitamfika, alijiambia. Alikuwa bado anafuta mikono simu ilipoita: mzee mmoja wa Bunda, aliyekuja kutibiwa Musoma, amefariki. Amini akaenda kumwosha.

Aliporudi jua lilikuwa utosini, na watu walikuwa wanarudisha vitu ndani huku wakichekana. Gody, mpulizaji, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, pampu yake pembeni.

"Mzee, mtaa wenu umetuchekesha," alisema. "Jana tulitangaza kabisa. Safari hii ni dawa ya nje. Mitaro na majani."

"Majani yapi?"

"Yote, mzee. Nimeshamaliza."

Kukimbia Amini hakujui, lakini siku ile alikimbia, kofia ikabaki njiani. Kobe alikuwa palepale alipomwacha, gamba limelowa na linanuka dawa, kipande cha jani kimebaki mdomoni. Amini aliinua mguu wake wa mbele. Alipouachia, ulianguka.

Tereza hakungoja kuulizwa. Alimpigia kaka yake Apolinary, bwana mifugo kule Bunda, akaiweka simu kwenye spika.

"Mwosheni sasa hivi," sauti ilisema. "Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Machoni na mdomoni maji matupu. Majani ya hapo msimpe tena. Na msikawie, shemeji Amini nakujuaga."

Wakamweka kwenye beseni. Amini akaanza kuume, akaja kushoto. Maji yalipita mara ya kwanza, yakapita mara ya pili. Hakusema neno. Ukimya wake ukatanda uani, hata Tereza akajifunika kanga kichwani bila kujijua.

"Unafanya nini?" Najat akauliza.

"Naosha kobe."

"Hapana. Unaosha maiti."

Mikono ya Amini ikasimama ndani ya maji.

"Mimi kuosha najuaga hivi tu," alisema. "Naogopa, Mama Hafidha. Nimemweka mwenyewe kwenye sumu, kwa mikono hii."

"Sogea huko."

Najat akakaza kanga, akampakata kobe, akaanza kumwosha kama wanavyooshwa watoto wasiotaka kuoga, kwa kelele na maji kila upande. "Mwanamke gani wewe huna adabu, unakula majani bila kuuliza, lete mguu, huu nishauosha, lete mwingine, miaka yote hii nakutafutia mchicha wewe hata asante hujui." Tereza akawa anabadilisha maji, Amini anachochea jiko. Beseni la pili likamwagwa, na la tatu, na la nne. Alasiri ikaadhiniwa. Najat sauti ilishaanza kumkauka, lakini hakunyamaza.

Kwenye beseni la tano mguu ukavutwa ndani. Najat akauvuta nje, ukarudi ndani kwa ubishi. Kisha kobe akatoa pumzi ndefu yenye hasira, na kitu cha moto kikatiririka kwenye kanga.

"Amenikojolea," Najat alisema taratibu. "Bi Mkubwa amenikojolea."

Amini akakaa chini kwenye matope, akalia. Alimwosha mwenyewe baba yake, na kaka yake, na mtoto wao wa kwanza aliyeishi siku tisa, na kila mara alirudi nyumbani akaomba chai. Najat alikuwa hajawahi kuona chozi lake. Alimlaza kobe kwenye kanga kavu, akajaza maji safi, akamshika mumewe mikono yote miwili na kuitumbukiza.

"Ina dawa hii," alisema. Akaiosha kidole kimoja kimoja, bila haraka, naye Amini akamwachia.