Kilometa Ishirini na Mbili za Bibi Rusana

Dobri Kanchev aliendesha gari la mkate kwa miaka ishirini na sita katika vijiji vya milimani juu ya Gabrovo, na hakuna aliyepata kujua hasa kwa siku alikwenda kilometa ngapi. Kebo ya mita ya kuhesabu kilometa ilikatika mwaka wake wa tatu kazini. Fundi alitaka kuibadilisha, Dobri akamwambia aiache kwanza, na hiyo kwanza ikachukua miaka ishirini na mitatu.

Alikuwa na sababu. Sababu yenyewe iliitwa Rusana, bibi wa miaka themanini na minne aliyeishi peke yake Kanyovtsi, kitongoji cha nyumba kumi na nne ambazo kumi na tatu paa zilikuwa zimeshabomoka. Serikali ilikwisha kukifuta katika orodha ya vijiji. Kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni kwa bibi ni kilometa kumi na moja za mawe na matope, na kurudi ni zile zile. Yote hayo kwa mkate mmoja, siku nyingine miwili, pamoja na dawa zake za presha na betri za redio.

Bi Nevena, mwenye kiwanda cha mikate, alipouliza, Dobri alimjibu kwamba Kanyovtsi ni hapo tu kando ya barabara. Mafuta yakipelea, aliongeza ya kwake akanyamaza. Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi na mwenye kinywa kichafu, na kuna mwaka alimtupia mteja mkate kifuani kwa sababu alikuwa akiuminyaminya kabla ya kununua. Lakini kila Jumanne na Ijumaa honi yake ililia Kanyovtsi, iwe theluji, iwe jua.

Bibi Rusana alikuwa na mtoto mmoja huko Hispania, na simu isiyoshika mtandao. Watu wa halmashauri walikuwa wamemwambia waziwazi: siku gari la mkate litakapoacha kupanda, tutakuja kukushusha tukupeleke nyumba ya wazee mjini. Naye aliwajibu kwamba atashuka akiwa amelala, na si vinginevyo. Kwa hiyo mkate ule ndio uliomweka nyumbani kwake, na Dobri alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kisha macho yakamwangusha Dobri. Ilianza kwa doa katikati. Akimtazama mtu, aliona masikio, uso hauoni. Daktari alimwambia mwisho wa kuendesha ni vuli hiyo hiyo. Dobri akakata shauri ataacha kazi siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, ambayo hapa kwetu tangu enzi za babu ndiyo siku vibarua na wachungaji walipomaliza mkataba. Hakuna aliyemwona akilia. Alichokiogopa ni kimoja: anayekuja mahali pake ni Svilen, mtu wa tambarare aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, ambaye milimani hapajui hata kwa ndoto. Njia panda za huko hazina kibao. Svilen akipotea mara mbili, basi, Kanyovtsi haendi tena.

Ndipo Dobri alipokwenda Gabrovo kununua kifaa cha kuonyesha njia, cha kubandika kwenye kioo cha gari. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, alimpangia vitatu juu ya meza.

"Hiki kikubwa, mzee, kinakuonyesha hata foleni mbele yako."

"Foleni ya nani? Ya mbuzi?"

"Basi hiki cha kati. Kinakwambia kamera za polisi ziko wapi."

"Polisi wa huko kwetu alistaafu, tukamchinjia kondoo. Binti, hebu kiandikie Kanyovtsi."

Yule dada akaandika, akafuta, akaandika tena. "Mahali kama hapo hapapo, mzee."

"Hapapo! Jana nilikuwapo."

Akacheka, na Dobri naye akacheka ingawa moyo ulikuwa umemshuka. Akauliza kama kuna kinachoweza kufundishwa. Yule dada akamsogezea cha tatu, kidogo, cha bei ya chini kuliko vyote viwili. Hiki, alisema, unasimama pale unapopataka, unabonyeza hapa, kinakumbuka pale pale hata kama ramani haipajui. Tena ramani mpya ni bure maisha yote, unakichomeka tu kwenye kompyuta. Hayo ya kompyuta Dobri hakuyasikiliza. Alitoa fedha, leva mia na tisini, bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo watu wa Gabrovo, wanaosifika kwa ubahili, hawajamsamehe mpaka leo.

Wiki nzima alikifundisha. Kifaa kilikuwa na sauti ya kike, ya upole na isiyochoka, nayo ilimchosha.

"Geuka urudi nyuma inapowezekana," kilisema alipoiacha lami.

"Geuka wewe," Dobri akakijibu.

Kwenye kioo cha kifaa, kigari chake kilikuwa kikielea katika uwanja mtupu wa kijivu, hakuna barabara wala mto. Alipofika, Bibi Rusana alikuwa ameshatoka na kikapu chake. Akachungulia ndani ya gari.

"We Dobri, umempakia nani humo? Mkeo anajua?"

"Ni mashine, mama. Inaonyesha njia."

"Miaka yote hii umekuja kwa pua, leo ndiyo wataka kuonyeshwa?"

"Si mimi. Ni ya mwenzangu atakayekuja."

Bibi hakuuliza kwa nini. Alikuwa amekwisha kuona mara mbili jinsi alivyopapasa kutafuta mkono wake alipompa chenji. Dobri akabonyeza, akaandika kwa kidole chake kinene jina RUSANA, maana kwake kituo chenyewe hakikuwa na jina lingine. Alifurahi siku ile, na nasema wazi kwamba ilikuwa furaha yake ya mwisho ndani ya gari lile.

Baadaye alipanda na Svilen wiki nzima, yeye kiti cha abiria. Siku ya Mtakatifu Dimitri alikabidhi ufunguo, na Svilen akaendelea peke yake. Alipanda Kanyovtsi Ijumaa, akapanda Jumanne, akapanda tena. Jioni alimpitia Dobri kumwambia bibi hajambo, kaniambia nina shingo nyembamba, nile vizuri. Dobri alilala usingizi mzito. Halafu Svilen akaacha kumpitia, na Dobri akadhani ni mambo ya kazi.

Jumapili moja mwisho wa Novemba Svilen alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, hataki kukaa.

"Mzee, Kanyovtsi sijapanda wiki tatu."

Dobri alifikiri njia imebomoka. "Daraja limekwenda?"

"Daraja lipo. Bosi amekataa. Alikichomeka kile kifaa kwenye kompyuta kukitia ramani mpya. Kumbe kinaweka kumbukumbu ya kila safari, mzee. Kila siku, kila kituo, kilometa kwa kilometa. Akaniita nikaona mwenyewe. Ishirini na mbili, kwenda na kurudi, mkate mmoja. Akasema Dobri miaka yote ananiambia ni kando ya barabara. Kituo akakifuta palepale."

"Nawe ukanyamaza wiki tatu."

"Niliona haya. Kazi yenyewe ndiyo nimeipata juzi, nina watoto. Nilidhani halmashauri watampelekea kitu."

Dobri alikuwa na matusi ya kutosha kinywani, na kwa kawaida hakuyabana. Safari hii hayakutoka. Alikuwa akiyakumbuka maneno ya yule dada wa dukani kuhusu kompyuta, yaliyopita masikioni mwake kama mvua juu ya bati. Miaka ishirini na mitatu aliificha njia ile kwa kebo iliyokatika, kisha akaenda mwenyewe, kwa hiari yake na fedha yake, akanunua mtu wa kuisema.

"Gari lako lina mafuta?" akauliza.

Waliondoka palepale kwa gari dogo la Svilen, na mikate minane, mfuko wa unga na dawa. Kituo kilikuwa kimefutwa, na Svilen bila kifaa hakuwa na mbele wala nyuma. Dobri, asiyeona njia, ndiye aliyemwongoza. Alihesabu kwa mitikisiko. Mawe yakianza kulia chini, shika kushoto. Ukisikia maji, punguza. Hapa kuna harufu ya moshi? Hakuna? Basi bado. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba, na Svilen alisema haina alama ya gurudumu hata moja.

Moshi ulikuwapo. Dobri alipousikia alishika dashibodi kwa mikono miwili akashukuru Mungu kwa sauti.

Bibi Rusana alifungua mlango akawatazama. Alikuwa amekonda. Alijifuta mikono kwenye aproni, akajivuta mpaka kwa Dobri, akamgusa shavu kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Kumbe u hai," alisema.

"Ni hai, mama."

"Huyu shingo nyembamba nilijua anakuja kwa ajili yako. Alipokoma nikasema basi, Dobri amekufa, maana nani mwingine angemtuma? Jumamosi tatu nimekuombea. Ngano iliyobaki nimekuchemshia wewe."

Akawakaribisha ndani. Mezani palikuwa na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari, ile tunayowapikia marehemu, na mshumaa umeisha nusu. Jirani wa kuigawia hakuwa naye, kwa hiyo alikuwa akiila mwenyewe, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na kila kijiko anasema Mungu amsamehe Dobri. Mbuzi mmoja alikuwa ameshamchinja. Unga ulikuwa umekwisha wiki iliyopita.

"Sasa kwa kuwa u hai," akasema, akiwa bado amesimama, "mbona hukuja?"

Svilen alitaka kujibu, Dobri akamzuia kwa mkono. Akaeleza yote: kebo, mashine, kompyuta, kilometa. Hakumtupia Svilen lawama, na Bi Nevena hakumtukana. Alisema, ni mimi niliyeileta mashine, mama, nilitaka usikose mkate. Bibi Rusana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsogezea bakuli.

"Kula. Ilipikwa kwa ajili yako."

Dobri alikula ngano yake mwenyewe ya maombolezo, na machozi yalimtoka bila kuyaficha, yeye ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu. Svilen akatoka nje akajifanya anapangusa kioo cha gari.

Svilen aliapa atapanda kila Jumapili kwa gari lake, na alipanda mara mbili, Mungu anamwona. Mara ya tatu theluji ilimkwamisha njiani akarudi kwa miguu. Halmashauri walipata habari, wakatuma trekta, na kabla ya Krismasi Bibi Rusana alishushwa. Hakushuka akiwa amelala kama alivyosema. Alishuka ameketi juu ya furushi lake, mgongo ameupa barabara, uso kule alikotoka, mpaka nyumba ilipopotea.

Wakampa kitanda ghorofa ya pili ya nyumba ya wazee, dirisha linatazama maegesho ya magari. Hapo mkate ni wa bure na ni mwingi, lakini Dobri alikwenda hata hivyo, Jumanne na Ijumaa, kwa miguu, na mkate kwapani, akipapasa ukuta wa ngazi. Mwanzoni walitaniana. Bibi alimsimulia wazee wenzake wanavyokoroma, na Dobri alimwambia waulize wao wanavyosema juu yako. Kufikia Februari utani ulipungua, na maneno ya bibi yakaanza kupishana. Alimwita Dobri kwa jina la mwanawe. Alimuuliza kama mbuzi wamekamuliwa.

Jumanne moja aliushika ule mkate, akaunusa, akauweka mapajani.

"Gari umeliweka wapi leo?"

"Hapo chini, mama."

"Basi nisubiri nivae viatu, unipandishe nyumbani. Nimekaa sana kwa watu."

Angeweza kumwambia ukweli. Leseni hana, macho hana, gari linaendeshwa na mwingine, na theluji imefunga njia. Uso wa bibi hakuuona, ila alisikia viatu vikivutwa kutoka chini ya kitanda.

"Leo nimejaza mikate, mama, hakuna nafasi," akasema. "Ijumaa."

"Ijumaa," bibi akaafiki, akavirudisha viatu.

Ijumaa Dobri alipopanda ngazi, muuguzi alimpokea mlangoni akamnong'oneza kwamba bibi hajala tangu asubuhi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti na kitambaa cha kichwa, viatu amevifunga kamba, na furushi lake lote liko magotini.