Yule Mzee Anayenoa Patasi

Wenzangu huwakamata waume zao kwa simu. Inaingia meseji ya "umefika salama, mpenzi?" na kesi inaanzia hapo.

Mimi wangu nilimkamata kwa patasi.

Tena patasi yenyewe haikuwepo pale. Ilikuwepo alama yake tu, mstari mwembamba kama unywele, umejificha chini ya bawaba ya mlango wa watu, huko Chala.

Nitaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mtoto yuko shule, maharage yako jikoni, nafasi ninayo.

Naishi Izia, hapa Sumbawanga. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma na bati safi juu. Ila mlango wa mbele haina. Pana kipande cha bati kimefungwa kwa waya. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa ukianza, lile bati linapiga kelele kama mgonjwa, na baridi inaingia mpaka kitandani.

Mume wangu, Adolfu, ni seremala.

Cheka tu. Hata majirani walicheka.

"Mama Angela, vumilia," alikuwa ananiambia. "Mlango wako siwezi kuulipua. Nasubiri mninga mkavu, nikupigie kitu ambacho mtaa mzima utakuja kupiga nacho picha."

Siku moja akachukua mkaa, akauchora ukutani jikoni. Mbao tatu zimesimama, na katikati kichwa cha ulezi, vile vidole vyake vimejikunja kwa ndani. Ulezi niliutaka mimi. Mama yangu alinisomesha kwa ulezi mpaka pale shule iliponishinda kwa mimba ya Angela. Sekondari nimekuja kuimalizia ukubwani, masomo ya jioni, mtoto mgongoni.

Ule mchoro sikuufuta. Kila nikisonga ugali nilikuwa nautazama.

Sasa patasi.

Zilikuwa za babu yangu mzaa mama, aliyejifunza useremala kwa mapadre. Alipofariki, wajomba walichukua ng'ombe na mashamba. Mimi nikaambulia mfuko wa salfeti umejaa kutu.

"Hivi ndivyo walivyokurithisha?" Adolfu alicheka mpaka akakaa chini. "Kachimbie viazi, mama!"

Lakini patasi zake mpya za dukani zilikuwa kimeo. Ukizigonga kwenye mninga zinapinda. Nikasema ngoja nimfanyie surpraizi. Nikachukua moja ya babu, nikaipeleka Milanzi kwa Meshack, fundi wa kuchomelea vyuma.

Meshack akaiweka kwenye jiwe la umeme. Cheche zikaruka, kutu ikaondoka, ncha ikatoka na rangi ya bluu, inapendeza kama shingo ya njiwa.

"Shemeji, hii sasa ni wembe," alisema.

Nikarudi nyumbani natembea kama nimebeba keki.

Adolfu akaijaribu. Pigo moja, ncha ikajikunja kama bati.

"Umeiua," alisema, safari hii hakucheka. "Ukiona bluu, ujue moto umekula ugumu wote. Inang'aa tu, lakini ni maiti."

Nililia siku hiyo. Kile chuma babu alikishika ujana wake wote, halafu mimi nikakiua kwa haraka zangu.

Ndipo nikaamua zilizobaki nitazifanya kwa mkono.

Nililoweka kwenye mafuta ya taa. Nikasugua kwa brashi ya waya na majivu, mpaka chini ya kutu ikaanza kuonekana ile rangi ya kijivu tulivu. Nikaokota kioo cha dirisha kilichovunjika, nikatandika msasa wa maji juu yake, nikaanza na mgongo wa patasi. Watu wengi wanakimbilia ncha. Mgongo ukiwa na bonde, noa mpaka uzeeke, hakuna makali. Baada ya mgongo ndipo uso, kwenye jiwe, maji kidogo kidogo, mkono haupandi wala haushuki. Mwisho unaifuta kwenye mkanda wa ngozi, nenda rudi, kama unambembeleza mtoto.

Kujaribu makali, nilikuwa nanyoa vinyweleo vya mkono wangu wa kushoto. Patasi ikipita na vinyweleo vikabaki juu ya chuma, basi imeiva.

Mkono ule ukabaki kipara.

"Mke wangu mkono mmoja wa mzungu, mwingine wa Mfipa," Adolfu alikuwa ananitania, akiubusu hapo hapo penye upara.

Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Ile patasi pana kuliko zote, Angela aliiangusha kwenye jiwe la mlangoni. Ikamegeka karibu na kona, kipengo kidogo tu. Wiki hiyohiyo Angela aling'oka jino la mbele, basi tukaiita Kibogoyo. Kwa sababu ya lile pengo, Kibogoyo ikipita kwenye ubao inaacha mstari mmoja umeinuka.

Nilitaka kuinoa mpaka pengo liishe. Adolfu akanizuia.

"Utamaliza chuma bure. Hii nitachimbia nafasi za bawaba tu. Bawaba inafunika. Nani atafungua kuangalia?"

Nikaona ana akili.

Basi Adolfu akapata kazi ya madawati Namanyere. Akaondoka na patasi zote kubwa, mimi nikabaki na zile ndogo. Kila mwisho wa mwezi anarudi, mfuko begani, patasi butu.

"Mama Angela, nirudishie makali yangu."

Namwekea maji ya kuoga, nampa ugali na dagaa, halafu nakaa kwenye kioo changu. Yeye analala, mimi nanoa. Jumapili tunatoka kanisani, Jumatatu anaondoka na patasi zinazokata hewa.

Na kila akifika, Angela anauliza swali lilelile.

"Baba, umeleta mlango?"

"Mninga bado mbichi, mwanangu."

Mvua zilipoanza, jirani yangu mama Masalu, mama wa Kisukuma anayeuza samli, akaniambia, "Wewe mdogo wangu, mikono hiyo unaikalia ya nini? Twende mnadani Chala, njia ya Namanyere. Wachinjaji kule visu vyao haviwezi hata kukata nyanya."

Nikabeba jiwe langu, kioo, na patasi zangu ndogo. Visu vilikuja vingi mpaka nikakosa pa kuvipanga. Nilikuwa nimeanza kujisikia mtu.

Mchana akaja dada mmoja, mjamzito, uso mweupe wa tabasamu. Zita, ndivyo alivyojitambulisha.

"Dada, naona na patasi unazo. Mlango wangu umevimba na hizi mvua, unasugua chini. Huwezi kunipunguzia?"

"Fundi aliyeutengeneza yuko wapi?"

"Ndiye mume wangu. Ameenda Mpanda kufuata mbao. Mimi na tumbo hili siwezi kuusukuma."

Hapakuwa mbali. Nikamwachia mama Masalu visu, nikamfuata.

Tulipofika nikasimama.

Mbao tatu za mninga. Katikati, kichwa cha ulezi.

Nikajiambia, Coleta, acha wazimu. Ufipa nzima inalima ulezi. Fundi yeyote anaweza kuuchonga.

"Mzuri, eh?" Zita alisema. "Alisema aliuota."

Nikaegemeza mlango, nikafungua misumari ya bawaba ya chini. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Bawaba ikatoka.

Ndani ya ile nafasi, karibu na kona, mstari mmoja umeinuka. Mwembamba kama unywele.

Nikapitisha kidole. Nikapitisha tena.

Nikafungua na bawaba ya juu. Na kule upo.

Kibogoyo. Jino la mwanangu.

"Dada, vipi? Umejikata?"

"Hapana. Mumeo anaitwa nani?"

"Adolfu. Ila hapa Chala wote wanamwita Makali. Hakuna fundi mwenye vyombo vikali kama vyake!" Akavuta kigoda, akakaa, amepata mtu wa kupiga naye soga. "Siri yake naijua mimi. Sumbawanga kuna mzee mmoja anamnolea. Kila mwisho wa mwezi lazima aende kwake. Namwambia, baba, si ujifunze kunoa mwenyewe? Anasema bila yule mzee yeye si kitu."

"Mzee?"

"Mzee sana, kachoka. Anasema mkono wake wa kushoto hauna unyoya hata mmoja, kwa kujaribu makali."

Nikashusha mkono wa sweta mpaka kwenye vidole.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuuweka ule mlango chini na kuupasua kuni. Halafu nikaona miguu yake imevimba kwa mimba, amezivua ndala kwa sababu haziingii. Nikakosa pa kuanzia.

Nikapunguza mlango. Nikaupunguza vizuri, Mungu ananiona, nikarudisha bawaba, nikakaza. Ukafunga bila sauti. Ndani mwa Zita upepo ukakatika, nikausikia unavyokatika.

"Jamani, mikono yako ibarikiwe! Akirudi nitamwambia amepata mshindani."

"Mwambie na jingine," nilisema. "Yule mzee wa Sumbawanga amefariki."

Akashika mdomo. "We! Lini?"

"Leo."

"Maskini, baba Gabriel atalia!" Mtoto hajazaliwa lakini jina tayari. "Kwao unakujua? Ngoja basi, usiondoke."

Akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga wa ulezi, amelifunika kwa kitambaa. "Wapelekee wafiwa. Mkono mtupu si vizuri."

Nikanyoosha mikono kupokea. Mkono wa sweta ukapanda.

Zita akautazama ule mkono. Akautazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mkono.

Akanishikisha bakuli kwa mikono miwili. Nikaondoka.

Nyumbani nikakoroga uji. Angela akanywa, akaomba tena.

"Mama, mtamu. Nani ametupa?"

"Wa msibani, mwanangu."

Nami nikanywa. Uji wa msiba wangu mwenyewe.

Zikapita siku. Adolfu akapiga simu, sauti imekauka.

"Mama Angela, umemwambia nini yule dada wa Chala?"

"Nimempa taarifa ya msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa yule mzee. Pole, najua mlikuwa karibu."

Kisha akaanza: sikiliza mke wangu, ibilisi, upweke, kazi za mbali, ningekueleza. Nikamwacha amalize.

"Adolfu, jambo moja tu. Hata ungesema ni dada yako. Hata ungesema ni jirani. Ukaona nifae kuwa mzee mwanaume?"

Akakata. Mpaka leo sijui yuko wapi. Mpanda, wengine wanasema machimboni. Kwa Zita hayupo.

Najuaje? Kwa sababu mwisho wa mwezi ule, Fuso lilisimama mbele ya nyumba yangu. Dereva akashusha kitu kimefungwa kwa turubai, na mfuko wa salfeti ninaoujua.

"Mama mmoja wa Chala kanituma, nyumba kaelekezwa na mama muuza samli," alisema. "Amesema hivi vyote ni vya marehemu. Na amesema pole."

Ndani ya mfuko, patasi za babu zote, Kibogoyo juu. Kwenye turubai, mlango.

Angela aliruka mpaka kiatu kikamtoka. "Mlango! Baba ameleta mlango!"

Nikakaa kwenye jiwe la mlangoni nikalia. Nilimlilia Zita. Yule mwanamke amelala na tumbo lake huko Chala, nyumba wazi kwa mvua, ili mimi nifunge. Namba ya dereva iliandikwa ubavuni mwa Fuso, baadaye nikampigia, akanipatia ya Zita. Zita hapokei.

Majirani wakaja, tukalitoa bati, tukasimamisha mlango.

Haukuingia.

Ulikuwa mwembamba. Ukiusukuma kulia, kushoto panabaki nafasi ya kupitisha ngumi. Mrefu nao hapana, juu mwanga unapita. Watu wakageuza hivi, wakageuza vile. Mama Masalu akasema labda ukuta umepinda.

Ukuta haukupinda. Mlango ule ulikatwa kwa kipimo cha nyumba nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hata bawaba haikuniambia. Miaka yote Adolfu aliuchora mlango wangu. Aliusimulia. Aliuapia. Lakini hakuna siku hata moja aliyochukua futi akaja kupima pale mlangoni pangu. Na mimi nilikuwepo kila siku, sikuona.

Bati tumelirudisha.

Mlango nimeulaza juu ya mapipa, nje, chini ya kibanda. Ndiyo meza yangu. Kioo kinakaa upande mmoja, jiwe upande wa pili, na ulezi uko katikati, nauwekea kopo la maji. Mafundi wa Milanzi wananiletea patasi na randa, hata Meshack anakuja, jiwe la umeme ameliogopa.

"Shemeji, mlango mzuri hivi, mbona unafanyia kazi juu yake?"

"Unasubiri nyumba yake," nawaambia.

Mninga sina. Nimenunua mbao za paini, nimezianika ndani. Kipimo nimechukua mwenyewe, Angela ameshika ncha ya pili ya futi. Kuchonga bado najifunza, na najua utakwama kwama. Nafasi za bawaba nitachimba kwa Kibogoyo. Mstari ubaki. Wa mwanangu ule.

Na Zita akipokea simu siku moja, namba nimeihifadhi. Jina nimeandika "Mfiwa mwenzangu."

Dada yangu unayesoma, sikukatazi kupenda, wala kumnolea mtu wako makali. Nimebaki na hili moja tu. Anayekuchorea mlango, usimtazame mkaa. Mtazame kama ameshika futi.