Kwenye Ngazi za Dobi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akiniambia, "Hasira hasara, mwanangu," nami namjibu kwamba hasara ni zangu, aniachie. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma ya bure. Mengine yaliyonipata Riyadh niliyatafuta mwenyewe.

Nilifanya kazi kwa mama mmoja mjane, mtaa wa Malaz, ghorofa ya kwanza. Ilikuwa ile miaka ambayo wasichana wa Kenya tulikuwa tunapakiwa ndege kundi baada ya kundi, na sisi wa Machakos hatukubaki nyuma. Madam hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Ila hakuwa na maneno nami zaidi ya yale ya kazi: leta, ondoa, yalla ya kunihimiza, halas ya kunikatiza. Simu yangu ilikaa kwenye droo yake, napewa Ijumaa kwa saa moja, na saa hiyo ilikuwa ya mama na wanangu wawili. Siku zilizobaki nilikuwa bubu. Asubuhi moja nilijikuta nikiliamkia jokofu. Cheka tu, lakini mimi sikucheka. Nilikaa chini jikoni nikalia.

Bahati yangu ni kwamba dereva wa nyumba ile alikuja jioni tu, pamoja na kijana mkubwa wa madam. Kwa hiyo vitu vidogo vidogo vya mchana vilikuwa vya miguu yangu. Ukipiga kona ya jengo letu ulikuta mstari wa maduka, mji mdogo kamili. Mwafghani alioka mikate ya tamisi, mipana kama ungo, anakufungia na gazeti. Myemeni alikuwa na bakala, duka la kila kitu, kuanzia kiberiti hadi mnanaa. Palikuwa na kinyozi ambaye sikuwahi kuona uso wake ila mgongo, na fundi wa mabuibui, na mwisho kabisa dobi, Mbangladeshi, mwenye ngazi tatu za saruji mbele ya mlango wake. Dobi aliipa kila nyumba namba, anaiandika kwa wino kwenye kola ya kila nguo, wino ule haufutiki. Sisi tulikuwa Thelathini na Mbili. Nikiingia anasema, "Karibu, Thelathini na Mbili." Haki ya Mungu, kuna wiki nilizoitwa hivyo mara nyingi kuliko jina langu.

Madam alinipa dakika kumi. Nikizidisha, nakuta amesimama mlangoni na saa yake. Sasa, miaka ile kila duka lilikuwa lazima lifungwe wakati wa swala. Adhana ikitoka tu, shata, ule mlango wa bati wa kukunja, inashuka, na wazee wa dini wanapita na gari lao kuhakikisha. Ukikutwa nje na nguo zako ziko ndani kwa dobi, huna la kufanya ila kungoja. Siku ya kwanza iliponipata nilirudi baada ya dakika thelathini na tano. Madam akafungua mdomo. Nikasema, "Salaa, madam." Akaufunga.

Wueh! Nilipanda kitandani usiku ule nikijisikia nimegundua kisima. Mtu wa kanisa mimi, nikaanza kuisoma kalenda ya swala iliyobandikwa kwenye jokofu kuliko nilivyowahi kuisoma Biblia. Nilijua adhana ya alasiri itasogea dakika ngapi wiki ijayo. Maduka mengine yalijifungia tangu adhuhuri, lakini dobi na bakala walifungua mchana kutwa, kwa hiyo ilipokaribia saa tisa namkumbusha madam kwamba shuka ziko kwa dobi, au maziwa yamekwisha. Nafika shata ikishuka. Nakaa kwenye ngazi. Nusu saa nzima siitwi na mtu.

Hapo ndipo nilipomkuta yeye. Alikuwa anafanya kazi ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, kwa binti ya madam wangu. Nilikuwa namwona akishuka na kupanda, nikamdhania Msomali, naye akanidhania Mganda. Siku hiyo alikuja mbio na kapu la sare za watoto, akaikuta shata imeshuka, akasema kwa sauti, "Ala! Nshachelewa tena, masikini mie." Nilisimama wima. Nikamwambia, "Sema tena." Akanitazama. "Nini nseme?" Nikaanza kulia pale pale, na yeye akaanza kucheka, mpaka akalia na yeye.

Alikuwa mtu wa Pemba, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Kiswahili changu kilimchekesha. "Bibi wee, hicho ni Kiswahili au umebeba mawe mdomoni?" Namwambia yeye anaongea kama anayebembeleza mtoto alale. Alinishangaa nilivyozijua saa. "Mkristo we unakijua kipindi cha alasiri kuliko shehe wa kwetu!" Yeye mwenyewe angeswali akirudi juu, alisema, wakati bado upo. Nyumbani hatukuweza kuzungumza. Tukikutana jikoni kwa madam siku za wageni, madam alipiga meza: Kiarabu, Kiarabu, mnanisema. Na kweli tulikuwa tunamsema. Kwa hiyo mazungumzo yetu yote yaliishi kwenye ngazi zile tatu. Alinifundisha kufunga mtandio usiteleze. Nilimwambia mambo ya mume wangu ambayo sijamwambia mchungaji. Nikikasirika na kutaka kuvunja mkataba nirudi nyumbani mikono mitupu, ananishika goti. "Hebu tulia. Umalize, uondoke na heshima yako." Bila yeye nisingemaliza mwaka.

Halafu bwana wa binti akahamishwa Jeddah. Tuliambiwa Jumatatu, wanaondoka Jumatano. Jumanne tulikaa kwenye ngazi. Simu yake ilikuwa imevunjika zamani, namba hakuwa nayo. Nikamwambia, basi ndiyo mwisho, nitarudi kusalimia jokofu.

"Hurudi," akasema. "Kila siku alasiri, maduka yakifungwa, nenda kwa dobi ukae hapa hapa. Na mie ntakaa kwetu kuleko. Tutakuwa tumekaa pamoja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ahadi deni. We fuata adhana yako tu, langu mie niachie."

Shata ikapanda. Akachukua sare zake akaenda.

Nami nikakaa. Miezi mitano nilikaa, baridi ya Desemba ikaja na vumbi la Machi likaja. Nilikuwa namsimulia kwa sauti ndogo: leo madam amefanya hivi, leo mtoto wangu ameng'oka jino. Wanawake wengine waliongoja pale, Waindonesia na Wahabeshi, walisogea kando wakidhani naongea na majini. Sikujali. Nilijua kwamba pale Jeddah kuna shata imeshuka na yeye amekaa, na kweli nilimsikia. Usiniulize vipi.

Alasiri moja madam alinizuia, alikuwa anaongea na binti yake kwa simu, amefungulia sauti, nami nimesimama na sinia ya kahawa. Adhana ikaanza nje. Madam akasema haya mwanangu, naenda kuswali. Binti akacheka kwenye simu: nyinyi mnawahi sana, sisi huku bado nusu saa. Kufikia wakati huo Kiarabu changu kilikuwa kinatosha kuelewa hayo.

Nusu saa.

Nilirudi jikoni nikaweka sinia chini polepole, maana ningeivunja. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jua linachelewa kufika Jeddah. Nilidhani nchi moja, adhana moja. Kumbe nikiwa kwenye ngazi, yeye yuko jikoni anasugua masufuria. Akija kukaa yeye, mimi nimesharudi zamani. Hatukuwahi kukaa pamoja hata siku moja. Miezi mitano nimeongea na saruji!

Halafu ikaja hasira yenyewe. Mimi Mkamba wa kanisani, sikujua. Lakini yeye? Mtu aliyeswali mara tano kwa siku tangu utotoni, asijue? Alijua. Alinidanganya kama mtoto anayepewa peremende ili aache kulia mama yake aondoke. Nilimtukana humo jikoni kwa Kiswahili, kwa Kikamba, na kwa Kiarabu kidogo nilichokuwa nacho. Kesho yake nikaenda kwa dobi asubuhi. Keshokutwa pia. Alasiri nikawa napiga pasi. Dobi akaniuliza, "Thelathini na Mbili, siku hizi hukai?" Nikamwambia mafi, hakuna kukaa.

Nilikaa bubu tena wiki nane. Ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu safari hii nilijua ninachokikosa.

Binti alipojifungua, madam alipanga kwenda Jeddah kumwona, na mimi nibebe mizigo. Ndani ya ndege nilipanga maneno. Nitamsalimia, kisha nitamwambia: ulinicheka vya kutosha? Nitamwona uso atakavyougeuza. Halafu, najijua, ningemkumbatia.

Mlango ulifunguliwa na msichana wa Kifilipino. Nikangoja. Nikatazama jikoni, nikatazama chumba cha kufulia. Nilipouliza, binti alisema bila kugeuka kutoka kwa mtoto: mkataba umeisha, kasafiri, wiki tatu sasa. Ni kama mtu anavyosema gesi imekwisha.

Siku ya pili, mchana, nikatumwa kwa dobi wa pale chini. Alikuwa mzee, Mbangladeshi kama yule wa kwetu, na mlangoni kwake palikuwa na ngazi moja tu na kreti ya soda imegeuzwa juu chini. Nikampa namba ya nyumba, Kumi na Tisa. Akaacha pasi.

"Wewe ni dada wa Kumi na Tisa? Yule mweusi mrefu?"

Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

"Dada yako alinisumbua sana," akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjika kama changu, akionyesha kreti. "Kila siku anakuja, anakaa pale. Duka wazi! Nguo tayari! Namwambia mama, chukua nguo uende, madam wako anapiga kelele dirishani. Hataki. Nusu saa anakaa, anaongea peke yake. Ikisomwa adhana yetu na mimi nafunga, ndiyo anachukua nguo anaondoka."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilimuuliza na mimi. Akasema, Riyadh saa hizi wamefunga."

Ndipo nilipoyasikia yale maneno ya Jumanne kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeyabeba miezi yote ile. We fuata adhana yako tu, langu mie niachie. Alijua, ndiyo. Alijua kwamba mimi nina kisingizio na yeye hatakuwa nacho. Kwake duka lilikuwa wazi, madam akiona kila kitu kutoka dirishani, na yeye hawezi kusema salaa kwa sababu swala bado. Alikaa tu akitukanwa.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka siku ya ndege. Asubuhi alikuja kuniaga, na mchana akaja tena akakaa."

Nilihesabu, sikutaka lakini nilihesabu. Wiki tano za mwisho alikaa pale na mimi sikuwepo. Nilikuwa Malaz, napiga pasi, nimenuna. Mama yangu alisema kweli, ila alikosea kitu kimoja, hasara haikuwa yangu peke yangu.

Namba yake sikuipata. Binti alisema hana, na huenda ni kweli. Nimerudi Kenya miaka mingi sasa, nasikia siku hizi maduka ya kule hayafungwi tena wakati wa swala. Nikikutana na mtu wa Pemba namuuliza, naye ananiuliza jina kamili la huyo mtu, mtaa, baba yake nani. Sijui. Tulikuwa tunaitana bibi wee.

Siku ile nilikaa kwenye kreti. Dobi alinitazama, kisha akarudi kwenye pasi yake. Mlango ulikuwa wazi, nguo zimekunjwa tayari mezani, watu wanaingia na kutoka. Nikamwambia bibi wee wangu wa Pemba nilipokuwa wiki zile, nikamwomba msamaha, nikamwambia jino la mtoto limeota. Juu dirishani niliitwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Adhana ya Jeddah iliposomwa, dobi akaanza kushusha shata, nikachukua nguo nikapanda.

Madam wangu alikuwa mlangoni na saa yake.

"Walifunga?" akauliza.

Alikuwa ananipa njia, nadhani.

"Hapana, madam," nikasema. "Palikuwa wazi."