Mpagazi wa Kumi na Tatu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na ushee, na ninafinyanga wanasesere wa nta. Nimelisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane. Ofisini walimu wenzangu wameshacheka mpaka wakachoka. "Mzee wa midoli," wananiita, nami huwajibu kwamba wao wanashinda wakigombania mpira wa watu wasiowajua, kwa hiyo tuheshimiane. Tena si midoli. Ni watu wadogo, urefu wa kidole cha shahada, kila mmoja na sura yake, na wote wametoka kwenye kitabu kimoja cha watoto ambacho hakuna anayejua jina lake, maana jalada lilibanduka kabla sijazaliwa.

Kitabu kilikuwa cha mama. Alipewa zawadi shuleni huko Sikonge, akiwa msichana, kwa kusoma vizuri. Kina hadithi moja tu, ndefu. Jini ameiba usingizi wa binti mfalme, na binti wa watu hafumbi jicho. Wapagazi kumi na tatu, watu wa ajabu wasiozidi kidole, wanaukomboa usingizi ule, wanautia kwenye kibuyu na kuanza safari ya kuurudisha. Wa kwanza ana gamba la kobe mgongoni. Wa pili kichwa chake ni chungu, akikasirika kinachemka. Yumo bibi mwenye ndevu na miguu ya kuku, yumo mwanamume aliyebeba kivuli chake begani kama mkeka. Wa kumi na tatu anatembea nyuma kabisa, na kazi yake ni kufuta nyayo za wenzake ili jini asiwafuate.

Ukurasa wa mwisho unaishia mtoni, katikati ya sentensi. Kibuyu kimepata ufa, jini anasikika nyuma, halafu basi. Kurasa zilizofuata babu alizivuta. Sisemi kwa mafumbo. Babu, baba yake mama, alikuwa mkulima wa tumbaku. Tumbaku anayo tele, karatasi hana, na karatasi ya kitabu kile ilikuwa nyembamba, safi. Alikuwa anachana ukurasa kutoka nyuma, anasokota, anawasha. Mwisho wa hadithi ya binti mfalme ulitokea puani kwa babu yangu.

"Lakini mimi nilikimaliza kabla yake," mama alikuwa akiniambia, huku akijigonga kipaji cha uso. "Mwisho ninao hapa."

Nikiwa mtoto nilimbembeleza mpaka nikalia. Walifika au hawakufika? Alikuwa anacheka, ananiambia nitajua nikikua. Nikakua. Nikaota mvi. Nafundisha watoto wa darasa la tano habari za misafara iliyopita hapa kwetu Tabora, wapagazi na mizigo yao, na kila mwaka nikifika kwenye somo hilo ninawaona wale wangu kumi na tatu wamekwama mtoni. Mtu mzima mzima! Nilikuwa naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba alipofariki nikamchukua mama, tukaishi wote kwangu Cheyo, hapa mjini. Wakati huo macho yake yalishaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, na kitabu hakimfai tena. Siku moja nilikuwa na kipande cha nta mkononi, nakikanda tu bila mpango, nikamtengenezea yule wa kobe. Nikamwekea kiganjani. Akampapasa gamba kwa kidole gumba, akausoma ukurasa mzima kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka koma.

"Nitengenezee wote," akasema. "Ukimpatia wa mwisho sawasawa, nitakwambia mwisho."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Nta nililetewa na mjomba, mdogo wake mama, mrina asali wa Sikonge. Ninailainisha kwenye maji ya vuguvugu, ninaikanda, kisha ninachora uso kwa spoku ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe. Macho ni punje za ulezi. Rangi nyeusi ni masizi, nyekundu ni udongo wa uani. Akishakamilika ninamfunga kwenye maganda ya mahindi na kumlaza ndani ya mtungi uliofukiwa nusu kwenye mchanga mbichi, chumba cha nyuma, maana joto la bati la mwezi wa kumi halina huruma na nta. Baadaye nikagundua kwenye simu kuwa duniani wamo watu wengi wa namna yangu, wanafinyanga mashujaa wa vitabu vya utotoni na kuwakusanya kabatini kwenye vioo. Nikafurahi kidogo. Angalau kichaa hakinipati peke yangu.

Ila mjomba nilimdanganya. Mjomba ni mzee wa kanisa, Mmoravian wa kweli kweli, na niliwahi kumwona akikitupa chooni kinyago alichopewa na mgeni. "Sanamu haikai nyumbani kwangu," alisema. Sasa mimi nimwambie nini? Kwamba mpwa wake, mwalimu, amefuga bibi mwenye miguu ya kuku kwenye mtungi? Aliponiuliza nta yote ile naipeleka wapi, nikamjibu natunza ya kutengenezea mishumaa, umeme wetu si unaujua. Akaridhika. Kila alipokuja aliniletea bonge jingine, na kila mara aliuliza, "Mishumaa imefikia wapi, mjomba?" Nami nikasema bado, nakusanya kwanza.

Kwa miaka minne nikawamaliza kumi na wawili. Wa kumi na tatu akanishinda. Nilimtengeneza mrefu, mama akampapasa akasema, "Siye." Nikamtengeneza mfupi, na fagio la majani. "Siye huyu." Nikampinda mgongo. Nikamgeuza uso nyuma. "Siye, mwanangu, rudia." Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia basi nielezee alivyo, akasema, "Utampata tu, haraka ya nini?" Nikasonya, nikamponda ngumini, nikaanza upya.

Haraka ilikuwepo. Mama alikuwa anapotea. Alianza kwa chumvi, akaitia mara mbili. Kisha akasahau kwamba baba amefariki, akawa anamwekea chakula. Kisha akaanza kuniuliza mimi ni nani. Asubuhi moja anakuita mwanangu, mchana anakuuliza umetokea wapi na umeshakula. Daktari akasema ni uzee, hakuna dawa.

Lakini wapagazi hakuwasahau. Hilo ndilo lililonishika roho. Ukimwekea kiganjani yule mwenye kichwa cha chungu, mama anarudi. Uso unatulia, sauti inakuwa ya mama yule yule, anasoma kurasa ambazo macho hayajaziona miaka mingi, na katikati ananitazama na kusema, "Umekonda, mwanangu, huli?" Kila jioni nikitoka shule nilimpa mmoja, kama dawa. Nikajiambia nikimpata huyu wa mwisho kabla hajaisha kabisa, atanipa mwisho wa hadithi, na nitakuwa nao hata yeye akiondoka. Nilichokuwa nakitaka ni hicho tu.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya darasa la saba. Mjomba alikuja kutoka Sikonge kumwangalia dada yake, mimi nikiwa nasimamia mitihani. Niliporudi nilimkuta ameshaondoka kwa gari la mchana. Mama amekaa kibarazani, ametulia. Nikaenda chumba cha nyuma kuchukua wa siku ile. Mtungi mtupu.

Nikapiga simu. Mjomba akapokea kwa furaha. "Ahsante sana mjomba! Ile nta yako imenifaa. Nina mizinga mipya minane nataka kuitundika kabla nyuki hawajahama, na nyuki haingii mzinga mkavu, lazima aukute unanuka nta. Nikasema hii ya mishumaa imekaa tu. Nikamuuliza dada, nichukue? Akasema chukua. Nitakurudishia mara mbili."

Nikamwambia usiiguse, nakuja. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki hadi Sikonge, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta chini ya mti anakoroga sufuria. Alishayeyusha. Warina asali hawafungui kitu kimoja kimoja. Masega yao huyachemsha na takataka zake, nta ikaelea, uchafu ukabaki chini. Ndivyo alivyofanya na wangu. Aliwamwaga wote kwenye maji ya moto na maganda yao ya mahindi, bila kumfungua hata mmoja. Mizinga minane ilikuwa imeegemezwa kwenye shina, imepakwa ndani, inang'aa.

"Ila nta yako ilikuwa chafu, mjomba," akaniambia, anacheka. "Tazama, imejaa ulezi."

Nikatazama chini ya sufuria. Punje nyeusi ndogo ndogo. Macho yao.

Nilimtukana. Nilimwambia mjomba wangu, mzee wa watu, maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba, tena mbele ya majirani. Nilimwita mwizi. Nilimwambia ameniulia mama. Akasimama na mwiko wake mkononi, haelewi, na mimi ndiyo kwanza nikaropoka yote: kitabu, wapagazi, miaka minne, mama anavyorudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye majani.

"Si uliniambia ni mishumaa," akasema polepole. "Ungeniambia. Ungeniambia tu, mwanangu, ningekuletea na nta nyeupe."

Mtu yule hakuniibia kitu. Nilimwogopa bure, nikamdanganya, na uongo wangu ndio uliowatia kwenye sufuria.

Picha zao ninazo kwenye simu. Nilimwonyesha mama. Akagusa kioo kwa kidole gumba atafute gamba, picha ikaruka, ikaja nyingine, akaivuta hii na hii, akachoka, akanirudishia. Nikamtengeneza upya yule wa kobe kwa nta mpya. Nadhani nilimpatia. Mama akampapasa, akamweka chini na kuniuliza kama ng'ombe wamerudi. Sisi hatujawahi kufuga ng'ombe.

Nikawa natoka shule sina cha kumpelekea. Tunakaa wawili kibarazani, ananiita "bwana," ananiambia ahsante bwana nikimpa maji. Nililia jikoni, chakula kikaungua.

Ndipo nikakumbuka kwamba mmoja hakuwemo mtungini. Wa kumi na tatu, jaribio la mwisho, nilikuwa nampeleka shule na kumfanyia kazi saa ya mapumziko. Alikuwa kwenye droo ya meza yangu, chini ya madaftari. Joto lilikuwa limeshamharibu. Fagio limelala, uso umetelemka wote, hana pua, hana macho. Nikamfunga kwenye leso, nikampeleka hivyo hivyo. Sikuwa na mwingine. Na kitabu pia nikakitoa kabatini, nikakiweka mapajani pangu, nikisema labda harufu yake itamsaidia.

Jua lilikuwa bado kali. Nikaketi karibu yake, nikamwekea kiganjani. Akaanza kumpapasa. Kidole gumba kikapita pale ambapo palikuwa na uso, kikarudi, kikapita tena. Akanyanyua kichwa. Nikaona mabega yake yanabadilika, yanakuwa madogo, anakunja miguu chini ya kiti kama mtoto wa shule. Akakisikia kitabu kwa mkono mwingine, mapajani pangu.

"Huyu ndiye, mama?" nikamuuliza. "Nimempata? Niambie basi. Walifika?"

Akanitazama usoni, na mara akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaniambia.

Mama yangu mzazi. Akakivuta kitabu kwangu taratibu, akakificha chini ya kanga, akakikumbatia kwa mikono yote miwili, na yule mpagazi humo humo ngumini.

"Baba, usichane tena," akasema, sauti ya kitoto, inatetemeka. "Nakuomba. Bado sijafika mwisho."

Nikawaza wale wote niliowaponda ngumini, na kila "siye" aliyoniambia kwa miaka minne, huku nikisonya. Kipaji kile cha uso alichokuwa akikigonga mbele yangu tangu nina miaka sita. Hakuwa na mwisho. Hakuwahi kuwa nao. Alikuwa anangoja, kama mimi.

Akanikazia macho, bado anasubiri jibu la salamu yake.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Sichani tena. Soma tu."