Jinsi Mjomba Alivyoingia Kitabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya uchapaji mjini Morogoro, Msimamizi wa Chapa alinitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye gongo langu la kutembelea, akaniuliza kama najua kwamba chumba cha wapanga herufi kina ngazi kumi na moja. Nikamjibu kuwa nimezaliwa Matombo, na kwetu hata kwenda chooni ni kupanda mlima. Akacheka bila kutaka, akanionyesha kiti.

Niliajiriwa kusoma prufu. Ninyi wadogo zangu wa kompyuta, prufu ni karatasi ya majaribio inayotolewa kabla ya kitabu kuchapwa, na msomaji wake huikagua neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi. Wakati ule herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi. Mpanga herufi alizichomoa moja moja kwenye kasha na kuzipanga kinyumenyume, ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Kosa dogo tu, mstari mzima unafunguliwa. Ndiyo maana wapanga herufi walianza kununa wakisikia gongo langu kwenye ngazi, kabla sijasema lolote.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka mitatu, na baba alikuwa ameshafariki. Majirani walimshauri mama anibakishe nyumbani nichambue maharage. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba wangu, mkulima wa ndizi na mdalasini ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, alisema nitasoma. Akanibeba mgongoni kila asubuhi hadi shuleni, akishuka mteremko wenye utelezi huku akiimba wimbo usio na maneno, na mchana akaja kunichukua. Alifanya hivyo miaka saba. Mimi nilizidi kunenepa na yeye hakulalamika, isipokuwa kwenye kupanda.

Kwa hiyo nilipojaribu kuandika hadithi ya watoto, niliandika hiyo. Niliuweka muswada mezani kwa Mhariri Mkuu, nikatoka haraka kadiri gongo lilivyoniruhusu. Baada ya wiki mbili akaniita. Hadithi ni nzuri, alisema, ila huyo mjomba anamsumbua. Yeye alitoka mkoa mwingine, na kwao mtoto ni wa baba.

"Watoto wa nchi nzima watauliza baba yuko wapi," alisema. "Weka baba, tuchape. Ukitaka mjomba, muswada urudi kabatini."

Nilikitaka kitabu kile kuliko chakula. Nikaweka baba. Sijivunii.

Prufu zilipotoka, nilizichukua hadi Matombo nizisome mbele ya watoto kabla ya kuzirudisha. Walikaa uani kwa Mjomba, naye pembeni akiparua magome ya mdalasini. Nikasoma. Mteremko ule ule, utelezi ule ule, hata ule wimbo usio na maneno. Binti mmoja wa jirani akanyoosha kidole.

"Dada, kwani mjomba wake amekufa?"

Mjomba akacheka taratibu, macho kwenye mdalasini wake.

"Msimsumbue dada yenu," akasema. "Huyo baba ana mgongo mzuri. Mwacheni ambebe."

Wadogo zangu, niliona aibu hadi masikio yakawaka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliutambua mgongo wake, akaugawa bure kama alivyokuwa akigawa ndizi.

Jumatatu nilipanda zile ngazi nikiwa nimeshakata kila baba kwa wino mwekundu na kuandika mjomba. Msimamizi wa Chapa alikunja uso. Mjomba ni mrefu kuliko baba, alisema, kila mstari utafurika na kurasa zote zitasogea. Anayetaka mambo hayo akamwone Mhariri Mkuu. Nikaenda. Nilijua naweza kutoka humo bila kitabu, na pengine bila kazi.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Lakini aliyenibeba ni mjomba. Kama hafai kuingia, basi na mimi nitoe."

Alizipekua prufu muda mrefu. Mwisho akasema nitakaa mwenyewe na wapanga herufi mpaka mstari wa mwisho urekebishwe, na likibaki kosa hata moja nisimtafute. Nilishinda huko siku nne. Vidole viliingia weusi usiotoka kwa sabuni, nikajifunza matusi mapya ya kutosha, na kitabu kikachapwa.

Baadaye nilipandishwa kuwa Mhariri Msaidizi, kisha Mhariri wa Vitabu vya Watoto, na nikaandika vingine vingi. Sikuchapa hata kimoja bila kukisoma kwanza mbele ya watoto. Sasa nimestaafu, nipo Mafiga, papa hapa Morogoro. Wanafunzi wa chuo kule Mazimbu huja kunitembelea, shikamoo nyingi na maswali mengi, na hawakosi kuniuliza tuzo kubwa niliyowahi kupata. Huwasimulia siku nilipompelekea Mjomba kitabu.

Alinawa mikono kwanza. Akaniomba nimwonyeshe yeye yuko wapi. Nikaweka kidole chake juu ya neno mjomba, naye akalitazama kama mtu anayejifunza sura ya mgeni. Kisha akanikataza kumsaidia. Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akijitafuta, na kila alipojiona aligonga kwa kidole na kuguna kwa furaha. Ukurasa mmoja ulimshinda. Alipitisha kidole juu hadi chini, akarudia, akaniinulia macho.

"Hapa nimekwenda wapi?"

"Hapo nimeshafika darasani, Mjomba. Umenishusha."

Akaufikiria ukurasa ule, akaulainisha kwa kiganja.

"Sawa," akasema. "Basi hapa napumzika."