Picha Iangalie Injini

Kutoka Karagwe nilikozaliwa hadi Gisenyi nilisafiri siku mbili: lori la ndizi mpaka daraja la Rusumo, basi mpaka Kigali, kisha basi jingine lililozunguka milima hadi masikio yakaziba. Niliposhuka na kuliona ziwa, nikajiambia nitakaa wiki moja. Nilikaa miaka minne.

Kilichonishika ni mashine ya kukereza vyuma. Ilikuwa katika karakana ndogo pale mtaa wa Mbugangari, ya mzee aliyerudi kutoka Kongo. Mimi nilijifunza kukereza Mwanza baada ya sekondari. Mzee alinipa kipande cha shafti, akatazama mikono yangu ikifanya kazi, akasema, "Bon, Mutanzania, kesho we kuja na ovaroli."

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mama mmoja aliyekuwa akinunua viazi Kanzenze, milimani, na kuvishusha mpakani. Pikapu yake kuukuu ilikuwa imefungwa injini na gia boksi ya gari jingine, na gia boksi hiyo haikuingiliana na transfa, lile sanduku la nyuma yake linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bolti za huku hazikulingana na za kule. Ilibidi tutengeneze bamba nene la chuma likae katikati.

"Jumamosi nikikuta bado, naiuza vyuma chakavu," mama alisema. "Mvua imeanza. Bila foo wili haipandi kule, na mimi nimechoka kuiangalia ikilala."

"Mama, itapanda," mzee alijibu. "Utarudi hapa kulalamika iko mbio sana."

Mzee alichukua vipimo vya matundu kwa katoni za bia. Aliibana katoni kwenye uso wa chuma, akaigonga kwa nyundo polepole mpaka kila tundu likajichora. Sheria yake ilikuwa moja: upande wenye picha ya chupa huangalia injini daima. Lakini Mwanza sisi tuliweka picha imwangalie fundi. Ijumaa, mzee akiwa msibani, nikafuata mazoea yangu: nikailaza katoni juu ya bamba, picha ikiniangalia, nikatoboa matundu yote.

Aliporudi alilishika bamba, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Chupa ilikuwa inaangalia nani?"

"Mimi, mzee."

"Donc ilikuona vizuri."

Matundu yote yalikuwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Kuligeuza bamba kungeyaweka sawa, ila upande mmoja tulikwisha kukereza ukingo wa mviringo unaozama ndani ya transfa, na sasa ungeangalia gia boksi. Chuma kingine kinene namna ile hatukuwa nacho. Sikulala vizuri.

Kesho yake ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na karakana zote zilifungwa asubuhi. Tulichimba mtaro na majirani. Katikati ya mtaro mzee akasimamisha jembe.

"Tunakata ukingo. Tunageuza bamba, tunachimba shimo la mviringo, tunaingiza pete iwe ukingo mpya."

"Itashika bila kuchomelewa?"

"Bamba ya moto, pete ya baridi. Zikikutana haziachani. Afadhali kuliko ndoa ya jirani yangu."

Jirani yake, aliyekuwa anachimba hatua mbili kutoka pale, akamrushia tope.

Mchana nilikereza pete kubwa kidogo kuliko shimo lake. Bamba likakaa juu ya jiko la makaa. Pete ikazikwa kwenye barafu tuliyoomba kwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mzee akahesabu kwa Kifaransa, nikaiachia. Ikazama na kutoa mlio mdogo, tik. Baada ya hapo nyundo haikuitikisa.

Mama alifika tukikaza bolti za mwisho.

"Sha, mbona bamba lenu linanuka samaki?"

"Uliza Mutanzania," mzee akasema. "Alitaka gari yako itembee kinyumenyume."

Jioni ileile mama alipanda Kanzenze, akarudi na magurudumu yamejaa tope jekundu, akapiga honi mpaka mtaa ukatoka nje.

Nilipoondoka kabisa, miguu ikiwa imeanza tena kuniwasha kwa hamu ya safari, ni mama huyo aliyenipeleka stendi. Alizunguka makusudi kwa njia mbovu, akaingiza foo wili. Niliinama nikasikiliza chini ya miguu yangu. Hakuna kilichogonga. Mzee alikuwa amenifungia sambaza za njiani ndani ya katoni ya bia. Nilipopanda basi niliiweka mapajani, picha ikiangalia mbele, kwenye injini.